Mama wa Miaka 55 Ana Tundu la Kuzaliwa Nalo? Kisa cha Mchekeshaji Aliyeambiwa Anatafuta Kiki

Posti yenyewe ilikaa hewani saa mbili tu. Picha ya mama mtu mzima amekaa kwenye benchi la hospitali, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, uso umegeukia pembeni kama mtu asiyependa kupigwa picha. Chini yake maneno machache: mama yangu amegundulika ana tundu kwenye moyo, amezaliwa nalo, ana miaka 55, naombeni mnishike mkono.

Basi bwana, komenti zikaanza kumiminika.

"Tundu la moyo ni la watoto wachanga, kila siku tunawaona kwenye taarifa ya habari. Mama wa miaka 55 alikuwa nalo wapi?" Mwingine akaandika: "Kakua nalo, kaolewa nalo, kazaa nalo, leo ndo limeonekana? Haya, kazi mpya inatoka lini?" Wa tatu hakuhangaika na maneno mengi. Aliandika neno moja: kiki.

Mwenye posti ni dada mmoja mchekeshaji wa mitandaoni, na jina lake linabaki kapuni kwa ombi lake mwenyewe. Ila anayefuatilia klipu za Bongo hahitaji jina. Ni yule anayejifunga kanga, anabeba ndoo kichwani, anatembea hatua kumi, anatua ndoo, anashika kifua, anamwangalia kila mtu kwa zamu halafu anasema: "Ngoja nivute pumzi kwanza." Msemo huo umefika mpaka kwenye daladala. Makonda wanautumia gari likizima. Watoto wa shule wanautumia wakitumwa dukani.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba yule mama mvivu wa kwenye klipu hakubuniwa. Ni mama yake mzazi, alivyo, mpaka namna anavyoshika kifua.

Mama huyo anaishi Mwamkulu. Kwa wasioijua, ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Ukisema Katavi, mtu wa Dar anawaza viboko waliojazana kwenye tope la hifadhi, basi. Mwamkulu kwenyewe ni mpunga. Msimu wa mvua ukikolea unaona majaruba tu, maji yanang'aa, na migongo ya watu iliyoinama toka asubuhi. Wasukuma wengi wamehamia huko na mifugo yao, na kwa Msukuma sifa ya kwanza ya mtu ni kazi. Mwanamke anapandikiza mpunga, anapalilia, anavuna, anapepeta, anabeba maji, anapika, na jioni bado anatakiwa awe na nguvu ya kucheka na wageni.

Sasa weka hapo mwanamke anayepumzika.

Toka msichana alikuwa hivyo. Wenzake wakikimbia mchakamchaka shuleni, yeye alibaki nyuma na walimu wakamchapa. Aliolewa mwaka 1988, ng'ombe wakatolewa, na kwa mama mkwe ikaanza minong'ono: tumeoa mtu wa kukaa. Kila mimba kati ya zile nne ilimchosha kuliko iliyotangulia. Ya mwisho alikuwa hawezi kulala chali, anaamka usiku anakaa kama anayesubiri basi. Mwaka 1999 mume alimrudisha kwao. Kikao kilifanyika, wazee wakasema, na sababu iliyotajwa mbele ya watu ilikuwa moja: uvivu. Ng'ombe sita wakarudishwa. Yule mchekeshaji alikuwa na miaka mitatu, amebebwa mgongoni na shangazi yake siku hiyo.

Neno hilo halikumtoka tena huyo mama. Hata watoto wake walikua wakijua kwamba mama yao ni mvivu, ila ni mvivu mwenye upendo. Ndo maana binti alipoanza kurekodi klipu mwaka 2019, Dar, chumba cha kupanga, simu imeegemezwa kwenye jagi, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni mama yake akitoka kisimani. Mama mwenyewe alipooneshwa alicheka mpaka machozi. Akasema, "We mtoto, umenipatia."

Kuhusu matibabu, tusije tukasema hakwenda hospitali. Alikwenda sana. Akikohoa, alipimwa makohozi, hakuna kifua kikuu. Mwaka uliofuata akapimwa tena, hakuna. Kuna sehemu alipewa dawa ya pumu ya kuvuta, akaitumia miezi, haikumsaidia, akaitunza kabatini kama kitu cha thamani. Alichanjwa chale kifuani na mganga aliyesema amerogwa na mke mwenza, wakati yeye hakuwahi kuwa na mke mwenza. Kuna kituo kimoja kilimpiga picha ya eksirei akaambiwa moyo umepanuka, akapewa dawa za presha na za kukojoa, akarudi nyumbani. Miguu ilipungua kuvimba, wote wakaridhika.

Hapo kwenye "moyo umepanuka" ndo pana tatizo kubwa, na Watanzania wengi tunalo. Tunalisema kama jina la ugonjwa. Utasikia msibani, marehemu alikuwa anasumbuliwa na moyo kupanuka. Lakini moyo haupanuki wenyewe tu. Kuna kinachoupanua: presha ya muda mrefu, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, misuli iliyochoka, au kasoro ambayo mtu kazaliwa nayo. Huyu mama aliambiwa moyo umepanuka, na hakuna aliyeuliza umepanuliwa na nini.

Januari 2025, wakati wa kupandikiza, alianguka ndani ya jaruba. Hakuzimia. Moyo ulianza kwenda mbio bila mpangilio, kama ngoma inayopigwa na mtoto, miguu ikakosa nguvu, akakaa kwenye maji. Waliokuwa naye walicheka kwanza. Mmoja akasema ule msemo wa kwenye klipu. Walipoona hanyanyuki ndo wakaita boda boda, akapakiwa katikati ya watu wawili mpaka mjini Mpanda.

Daktari aliyemkuta zamu siku hiyo alikuwa kijana tu. Alimwekea kile kifaa cha kusikilizia kifuani akakaa nacho muda mrefu, mpaka kaka wa mchekeshaji aliyempeleka akadhani kifaa kimeharibika. Alimwambia mama avute pumzi, atoe, avute tena. Kumbe moyo una sauti mbili kila unapopiga. Ile ya pili kwa mtu mzima kiafya hugawanyika kidogo akivuta hewa ndani, akiitoa inaungana. Kwa huyu mama iligawanyika ikabaki hivyohivyo, avute asivute. Juu yake kulikuwa na mvumo mdogo, laini, ambao mtu mwenye haraka haupati.

Halafu akauliza swali ambalo mama hakuwahi kuulizwa maisha yake yote: "Mama, ulipokuwa mtoto ulikuwa unakimbia na wenzako?"

Mama akaanza kucheka. Akajibu, "Mimi nilikuwa nahesabu wanaokimbia."

Daktari alitaka kujua pia hali imebadilika vipi, kuchoka kumeongezeka lini. Hapo mama hakuwa na jibu, kwake kuchoka ni siku zote. Ndipo kaka mtu akampigia dada yake Dar, na dada, bila kufikiria sana, akafungua ukurasa wake mwenyewe. Klipu ya 2019: kutoka kisimani mpaka nyumbani anapumzika mara moja. Alikumbuka kabisa kwamba hakuongeza chumvi, ndivyo ilivyokuwa likizo ile. Klipu ya 2021: mara mbili. Ya 2023, ile iliyotazamwa kuliko zote: mara nne, na amekaa chini kabisa, ameegemea mti. Alikuwa anamwiga alivyomwona kila anapokwenda nyumbani. Miaka minne ya ugonjwa kuzidi ilikuwa imerekodiwa, imewekewa muziki, na watu laki kadhaa wameicheka.

Aliisoma ile orodha kwenye simu, mara moja, mbili, nne, halafu sauti ikakatika. Kaka yake akadhani ni mtandao.

Wakamwandikia rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili. Bima yao ilikuwa CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na hiyo mwisho wake ulikuwa hospitali ya mkoa. Kwa hiyo nauli, vipimo, malazi, vyote vya mfukoni. Aliuza pikipiki yake ndogo aliyonunua kwa hela ya matangazo. Mama na kaka walipanda basi mpaka Dodoma, wakalala kwa ndugu, kesho yake wakapanda treni ya SGR. Mama alipenda treni. Alisema ni chombo cha kwanza kumpeleka mbali bila kumchosha.

Kipimo kilichomaliza mjadala kinaitwa eko. Hakiumi. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa kitu cha baridi kama mafuta ya nywele, mtu anapitisha kifaa kifuani na kwenye skrini unaona moyo wako ukifunga na kufungua. Mawimbi ya sauti, kama ya wajawazito. Mtaalamu alikuwa anaongea na mama habari za mpunga, bei ya gunia na nini, mara akanyamaza. Akarudisha kifaa nyuma. Akaweka rangi kwenye skrini, ile inayoonesha damu inakwenda wapi. Akamwita mwenzake.

Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo ulikuwa na tundu.

Yule dada hakuelewa. Na yeye alikuwa na wazo lilelile la watu wa kwenye komenti: tundu ni la watoto. Kwa hiyo tuwe wakweli, hata angekuwa mtu mwingine ameposti, huenda naye angeandika kiki.

Daktari bingwa aliwaeleza, na bahati nzuri alijua anaongea na nani. Alimuuliza mama, "Kule kwenu majaruba mnayatenganisha na nini?" Mama akasema matuta. "Tuta likitoboka?" Mama akasema maji ya jaruba la juu yanaingia la chini, la chini linajaa, mpunga unazama.

"Basi ndo moyo wako."

Upande wa kushoto wa moyo unapokea damu iliyotoka mapafuni, imeshachukua hewa safi, tayari kusukumwa mwilini. Upande wa kulia unapokea damu iliyorudi kutoka mwilini, ikipelekwa mapafuni. Kukiwa na tundu huko juu, sehemu ya damu safi badala ya kwenda mwilini inavuka kwenda kulia, inapelekwa tena mapafuni ilikotoka. Kazi ya bure. Kama kufua nguo iliyokwisha kufuliwa. Upande wa kulia unabeba mzigo usio wake, unatanuka taratibu, miaka na miaka. Mtoto mwenye tundu la aina hii anaweza asiwe wa bluu, asilie ovyo, asiumwe kitu cha kumpeleka hospitali. Anakuwa tu "yule asiyependa kukimbia". Akifika miaka 40 na kuendelea, upande wa kushoto unaanza kukakamaa kwa umri, hasa presha ikiwepo, basi damu inazidi kupita tunduni. Ndo pale mtu mzima anaanza kuhema, moyo kwenda mbio, miguu kujaa, wengine wanapata kiharusi kwa sababu bonge la damu limevuka kutoka kulia likapanda kichwani.

Kwa hiyo tundu lilikuwepo miaka yote 55. Kilichochelewa ni kuonekana kwake.

Duniani, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, karibu 8 hadi 9 wana kasoro fulani ya moyo. Zile kali zinajitangaza mapema. Zile za upole zinakua na mwenyewe. Na si matundu tu. Kuna wenye vali kuu ya vipande viwili badala ya vitatu, wanaishi vizuri mpaka uzeeni vali inapokuwa ngumu. Kuna wenye mshipa mkuu uliobana, na hao wanakuja hospitali wakiwa vijana na presha ya ajabu, wanapewa vidonge, presha haishuki, kumbe ukipima mkononi ni juu na mguuni ni chini. Hapo unajiuliza, mara ya mwisho umeona lini mtu anapimwa presha mguuni?

Usiku, kwenye nyumba ya kupanga ya yule dada, mama kalala, yeye yuko na bando lake anasoma. Alikuta kwamba eko ilianza mwaka 1953 Sweden, pale Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoazima kifaa cha kukagulia chuma wakakielekeza kwenye moyo. Na mwaka huohuo, Mei 6, Philadelphia, daktari John Gibbon aliziba tundu la aina ileile ya mama kwa msichana wa miaka 18, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Alihesabu. Mama yake alizaliwa ujuzi wa kuliona na kuliziba upo tayari miaka 17. Ila haukuwepo Mwamkulu. Hata Dar haukuwepo. Mpaka JKCI inaanzishwa mwaka 2015 wagonjwa wengi wa kuzibwa moyo walikuwa wanapelekwa India, tena wenye bahati ya kugundulika.

Ndo usiku huo aliposti. Na ndo hapo mliposema kiki.

Alifuta posti asubuhi hata kabla hajapata shilingi laki mbili. Hakuwajibu. Waliomjua vizuri waliona kilichomuuma hakikuwa neno kiki. Kilichomuuma ni mmoja aliyeandika, kwa utani tu, "mwambie avute pumzi kwanza".

Sasa sikia, kujua una tundu si mwisho wa safari. Kulikuwa na swali lingine, na hilo ndo lilimkosesha usingizi. Daktari alirudi kwenye mfano wa majaruba. Maji yakiingia jaruba la chini miaka mingi, linajaa. Likijaa likapita la juu, maji yanageuka, yanaanza kurudi kwa kupitia tundu lilelile. Ukifika hapo ukaziba tuta, jaruba la chini halina pa kutolea, linapasuka. Kwenye moyo ni hivyo: mishipa ya mapafu ikipokea damu nyingi kwa miongo inakuwa migumu, presha ya mapafuni inapanda, mwisho damu chafu inageuka kuelekea kushoto, midomo inakuwa ya bluu. Madaktari wanaiita hali hiyo Eisenmenger. Mgonjwa akifika huko, tundu haliruhusiwi kuzibwa. Kuziba ndo kunaua.

Yaani ungeweza kumtafuta miaka 55, umpate, umfikishe, halafu uambiwe mmechelewa, arudi na dawa.

Kujua uko upande gani kunahitaji kipimo kingine, cha kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo na kupima presha chumba kwa chumba. Wiki mbili za kusubiri zamu. Mama akawa anamuuliza mwanae kila asubuhi, "Wamesema jaruba limejaa?" Mwanae anajibu, "Bado hawajapima, mama." Aliuza na simu. Marafiki wawili wa kazi, wale anaogombana nao mitandaoni kila mwezi, walimtumia hela kimyakimya na kumwambia asithubutu kuwataja. Hawatajwi.

Siku ya kipimo mama alitoka akiwa macho, analalamika njaa. Majibu: presha ya mapafuni imepanda, lakini haijavuka. Damu bado inatoka kushoto kwenda kulia. Linazibika. Na kwa kuwa tundu liko katikati ya ukuta na lina kingo nzuri pande zote, halikuhitaji kupasua kifua. Lingezibwa kwa njia ileile ya pajani, kwa kifaa cha nyaya laini kama visahani viwili vilivyoungana katikati, kimoja kinakaa upande huu wa ukuta, kingine upande ule. Kwa lugha ya JKCI ni upasuaji wa tundu dogo. Mama aliposikia jina hilo akasema, "Yaani mnaziba tundu kwa tundu?" Wauguzi walicheka siku nzima.

Lakini kabla ya hapo, siku ile ya kwanza ya majibu ya eko, kuna kitu kilitokea ambacho huyo dada anakisimulia kwa shida. Daktari alipomaliza kueleza, aliuliza kama kuna swali. Kaka mtu akauliza gharama. Yeye mwenyewe akauliza hatari. Mama alikaa kimya, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Halafu akauliza taratibu: "Kwa hiyo daktari, mimi sikuwa mvivu?"

Daktari akamwambia, "Mama, wewe umelima mpunga na nusu moyo. Mvivu angekufa njaa."

Hakulia. Aliomba aandikiwe kwenye karatasi.

Watu wataona ni kichekesho, karatasi ya nini? Lakini fikiria mtu aliyerudishwa kwao mbele ya kikao cha wazee, ng'ombe zikahesabiwa, kwa kosa la mwili ambalo halikuwa kosa. Leo kuna mtu mwenye koti jeupe anasema vingine. Ungetaka muhuri. Karatasi aliyopewa ni ile ya kawaida ya majibu, Kiingereza kitupu, ila ameikunja kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na kitambulisho cha taifa.

Kuzibwa kulifanyika mwezi Mei. Alikaa wodini siku chache. Si kwamba sasa anakimbia; miaka 55 ya mzigo inaacha alama, na mapigo yake bado yanapotea njia siku nyingine, kwa hiyo anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na anatakiwa kliniki. Aliambiwa asichelewe tarehe, na asikubali kung'olewa jino bila kumwambia daktari wa meno kuhusu kifaa. Ila miguu imenywea, na analala chali. Alirudi Mwamkulu mpunga unavunwa.

Baba wa watoto alifika kumwona. Alikuja na jogoo. Alikaa kwenye kigoda, akaongelea mvua, akaongelea bei za ng'ombe mnadani, akauliza za safari. Mwisho akasema, "Nasikia ulikuwa unaumwa." Mama akajibu, "Toka kuzaliwa." Mzee akatikisa kichwa, akaomba maji. Karatasi ilikuwa ndani ya nyumba, hatua nne kutoka pale, na mama hakwenda kuichukua. Wanawe mpaka leo wanabishana kwa nini.

Na zile klipu? Yule dada alitaka kuzifuta zote. Alimpigia mama kumwambia, akaanza na samahani ndefu, analia, kwamba amemgeuza mama yake kichekesho cha nchi, kwamba watu walicheka ugonjwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza zile klipu zinaingiza hela au haziingizi. Akajibiwa zinaingiza, kiasi.

"Basi ziache," mama akasema. "Ila kuanzia mwezi huu tugawane. Pumzi ni yangu."